Muhogo Usiolazwa

Siku Mhina alipoufumua muhogo wa mama yake mbele ya watu, hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa kazini. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye kijiji kizima cha Chanika kilisema mengi juu yake, na mengine waliyasema watu ambao siku hiyo walicheka kuliko wote.

Alikuwa bwana shamba. Si yule Mzungu wa bomani mwenye gari. Yeye alikuwa msaidizi wake, mtu wa hapohapo, mwenye kofia ya kaki na baiskeli ya serikali, aliyetumwa kuwafundisha kulima watu waliomfundisha yeye kutembea. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na Handeni mvua ilikuwa imekatika mwaka wa pili mfululizo. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kilichosalia ardhini ni muhogo, tena ule mchungu, ambao nguruwe mwitu akiuonja huutema akaenda zake. Ni Mhina huyohuyo aliyeuleta kwa wingi. Miaka mitatu nyuma nguruwe walikuwa wakifukua mashamba hadi watu wakashika tama, naye akapanda lori kwenda Korogwe, akarudi na mizigo ya mbegu, akasimamia kila tuta mpaka likapandwa. Nguruwe wakahamia kwingine. Kwa hilo watu walimpenda, na kusema kweli alistahili kupendwa.

Chuoni alikosomea walimfundisha kwamba kazi ya bwana shamba huanza kwa kuandika. Unaugawa ukurasa mara tatu: hapa tatizo, hapa chanzo, hapa dawa. Mhina aliupenda mpango huo jinsi mtu anayewashwa anavyopenda kujikuna. Tatizo, nguruwe. Chanzo, muhogo mtamu. Dawa, muhogo mchungu. Akaweka alama ya vyema. Aliamini kwamba tatizo ni kitu kimoja, kimekaa mahali fulani kinangoja, na mwenye macho makali atakikuta. Mkewe Mwaija alipofariki, binti yao Mwanaidi akiwa na miaka miwili, alikaa na daftari lile magotini kutwa nzima na hakuweza kuandika hata herufi moja. Akamkabidhi mtoto kwa mama yake, Bi Mashavu, akarudi mashambani, ambako matatizo yalikuwa yanaandikika.

Basi mwaka huo wa njaa ikatoka amri kila kijiji kijaze ghala la makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, ili watu wasije wakafa. Bwana Mkubwa, yule Mzungu, akaja kukagua ghala la Chanika. Akafungua gunia la kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, akafunika pua kwa kitambaa. Makopa yalikuwa na madoa meusi ya ukungu, na yalikuwa yananuka.

"Mhina, hii nini? Hii oza," akasema kwa Kiswahili chake. "Watu nakufa njaa, ninyi naozesha chakula?"

Mhina akavua kofia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa neno baya na bosi wake. Bwana Mkubwa akampa wiki mbili: makopa meupe tu, na yenye ukungu yote yatupwe.

Sasa, ukungu ule haukuwa uzembe. Muhogo mchungu haukuwa mgeni kwa wanawake watu wazima. Mama zao waliuotesha pembezoni mwa mashamba tangu zamani, na walikuwa hawaugusi kwa pupa. Waliumenya, wakaurundika kivulini, wakaufunika kwa majani ya mgomba na mikeka chakavu, wakauacha siku nne au tano mpaka ulainike na kuota ukungu. Wenyewe waliita kuulaza. Ukishalala, waliukwangua, ndipo wakauanika juani na kuutwanga. Ukiwauliza kwa nini, walikuambia ndivyo unavyofanywa, wakaendelea na kazi. Kwa Bwana Mkubwa ukungu ulikuwa ni kuoza, na kuoza ndilo tatizo. Kwao ukungu ndio ulioliondoa tatizo, ila hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza tatizo lenyewe ni lipi, kwa sababu tangu wazaliwe hawakuwahi kuliona.

Mhina alikuwa amesoma ukaushaji kwa muhogo mtamu. Menya, pasua vipande vyembamba, anika siku mbili, twanga. Akakumbuka somo lile neno kwa neno, akafungua daftari. Tatizo, ukungu. Chanzo, kufunika. Dawa, jua siku mbili, basi. Akaita mkutano, akaeleza. Akina mama hawakubisha. Waliitikia vizuri kabisa, wakaenda nyumbani kuufunika.

Alipozunguka na baiskeli siku ya tatu akakuta malundo yako palepale nyuma ya nyumba, yamefunikwa. Kila alipogomba alijibiwa jibu moja. "Bi Mashavu akiacha, na sisi tutaacha." Walijua wanachosema. Bi Mashavu ndiye aliyekuwa akiitwa kila muhogo ulipoleta wasiwasi. Alikata kipande, akakigusa na ncha ya ulimi, akasema umelala au haujalala, na hapo mjadala ukaisha.

Mhina akaona hana budi kuanzia nyumbani kwao. Akawaita wanawake wa mtaa mzima wakakusanyika uani kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ujumbe wote huu wa nini?"

"Nimekuja kuuanika muhogo."

Bi Mashavu akatazama lundo lake, akamtazama mwanawe, kisha akasema kwa upole, maana alikuwa hajui kusema vinginevyo na mtoto huyo, "Huo haujalala, baba. Una siku mbili tu."

"Mama, muhogo si mtoto mchanga. Haulali."

Wanawake wakaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza katika umri wake wote Bi Mashavu kuchekwa kwa ajili ya muhogo. Mhina, kwa kuona mambo yameanza kuwa mepesi, akakunja mikono ya shati, akayang'oa majani ya mgomba, akaufumua muhogo, akautandaza juu ya mkeka, jua likiupiga. Vipande vilivyoanza kuota ukungu akavitupa jaani huku akiwaonyesha mmoja mmoja. Aliutupa muhogo mwingi. Mama yake alisimama na kiganja kinywani kwa muda wote huo. Mhina alipomaliza, mama akamwambia tu, "Haya. Msomi ni wewe," akaingia ndani.

Kesho yake Chanika nzima ilianika. Ghala likajaa makopa meupe pee, na Bwana Mkubwa alipokuja akayapiga picha. Mhina akatunukiwa koti la mvua, katika nchi isiyokuwa na mvua, akalivaa hivyohivyo.

Mwanaidi alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mtoto wa mbio: ukimtuma chumvi, kabla hujamaliza kumwambia ni ya nani, amesharudi. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, wakawa wanakwenda cha mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Mwezi wa tatu tangu ghala lijae, alikuwa anarudi na wenzake, kibuyu cha maji kichwani, miguu ikamkatika njiani. Kibuyu kikapasuka. Akacheka, akisema miguu imekufa ganzi, akajaribu kusimama, magoti yakagongana, akaanguka tena. Wenzake nao wakacheka, wakadhani anaigiza. Walimburura kwa mikono mpaka nyumbani, na walipofika hakuna aliyekuwa anacheka.

Bi Mashavu alimkanda kwa maji ya moto. Alimkanda siku hiyo, na kesho, na kesho kutwa. Miguu ilikuwa na joto, haina uvimbe, haina kidonda. Ilikuwa imekakamaa tu, na mtoto akisimamishwa alisimama kwa ncha za vidole, anatetemeka, amemkumbatia bibi yake shingoni. Kabla wiki mbili hazijaisha walianguka wengine sita, watoto wanne na wanawake wawili wanaonyonyesha. Hakuna aliyekuwa na homa. Waliamka wazima, wakaanguka.

Mhina aliacha baiskeli uani, akafungua daftari. Tatizo: miguu. Hapo akakwama, akaanza kuwatafuta wanaojua.

Alianza kwa Gregori, dresa wa zahanati, kijana mwenye moyo mzuri na makabati matupu. Gregori alimpima Mwanaidi joto, akamtazama macho, akamminya tumbo. "Homa hakuna, bwana shamba. Bandama iko sawa. Mimi kazi yangu homa, vidonda na minyoo." Akampa dawa ya minyoo, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Mhina akaenda kwa mwalimu Athuman kuuliza kama watoto waliumia shuleni. Mwalimu akafungua kitabu cha mahudhurio, akamwonyesha majina matano yenye alama nyekundu, akasema tatizo ni utoro, na mkaguzi akija yeye ndiye atakayeulizwa. Jumbe Rehani, mkuu wa kijiji, hakutaka kuongea uani. Alimvuta chumbani, akamnong'oneza kwamba tatizo ni maneno. Watu wameanza kusema kijiji kimepatwa na mkosi, nyumba tatu zimeshahamia Kwamndolwa, na wakiendelea hivyo yeye atakuwa jumbe wa mbuzi. Bwana Mkubwa alilikagua ghala, akasukuma mkono mpaka kwapani ndani ya magunia, akautoa mweupe.

"Chakula iko, Mhina. Njaa hapana," akasema, tena kwa huruma. "Hii miguu kazi ya daktari. Mimi na wewe hapana tatizo."

Wala hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alitazama alichofundishwa kutazama, akakuta ama kipo ama hakipo, akajibu kwa haki. Ila mtoto alikuwa bado amekaa juu ya mkeka, na Mhina alianza kuogopa kurudi nyumbani jioni, kwa sababu Mwanaidi alimuuliza swali moja kila siku, "Baba, leo umelipata?"

Mwisho, kwa kumridhisha mama yake, alikubali Semboja aje. Semboja alikuwa mganga mzee asiye na makeke. Hakupunga wala hakupiga ngoma. Aliiangalia miguu ya mtoto kitambo, kisha akauliza wote waliokuwapo, "Katika nyumba hii, nani aliumizwa na mwenzake, akameza asiseme?"

Bi Mashavu akainamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kidole. Mhina aliona, lakini akili yake ilikuwa kwenye lori la kesho. Alikuwa ameamua kumpeleka Mwanaidi hospitalini Korogwe.

Bi Mashavu aliwafungia kila kitu: shuka, kikombe, chungu kidogo, na mfuko wa unga wa makopa, maana hospitalini kila mgonjwa hupikiwa na wa kwake. Unga aliupima kwa ukarimu. Miezi yote ile, donge la ugali likitoka yeye alijikatia kipande cha kuonja tu, kingine chote akamsukumia mjukuu. Mhina yeye hakuula sana. Nusu ya siku zake alikuwa safarini na Bwana Mkubwa, akila wali na dagaa wa kambini.

Korogwe ilikuwa na kelele za treni na vumbi la mkonge. Daktari, Mzungu mrefu mwenye vidole vyepesi, alimgongagonga Mwanaidi magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa pini, akamwambia afumbe macho na kusema anachomwa wapi. Mwanaidi alipatia mara zote, akafurahi, akidhani ni mtihani na amefaulu. Nesi aliyekuwa akitafsiri aliitwa Hilaria, Msambaa wa Bungu, mwanamke wa maneno machache. Daktari alisema anataka kumwangalia siku tatu, na kwamba ugonjwa huu haufanani na kupooza anakokujua.

Siku ya pili Mhina alikuwa jikoni, kwenye kile kibanda cha nyuma ambako ndugu wa wagonjwa hupika, ameinjika chungu. Kando yake alikuwa mwanamke mmoja jina lake Grasiana, mke wa mkata mkonge, mtu wa kusini ng'ambo ya Ruvuma, mumewe alikuja kama manamba wakabaki hapohapo. Mtoto wake alikuwa ameungua na uji. Grasiana alimtania Mhina kwa jinsi anavyousonga ugali kama anachanganya udongo wa kukandikia nyumba, akamnyang'anya mwiko. Kabla hajaongeza unga akachota kidogo, akaugusa na ulimi.

Akautema. Akasukutua kwa maji, akatema tena.

"Kaka, huu unga nani kautengeneza?"

"Mama yangu. Kwani una nini?"

"Mama yako mtu mzima? Hajui kulaza muhogo?" Akamtazama Mhina usoni, utani ukamtoka. "Mtoto wako anaumwa nini?"

"Miguu."

Grasiana akaweka mwiko chini. "Alianguka tu? Mzima mzima?"

"Alianguka tu."

"Kwetu nilipokuwa msichana," akasema taratibu, "uliingia mwaka wa njaa. Wanawake wakafupisha siku, wakawa wanautoa kabla haujalala, maana watoto walikuwa wanalia. Haikupita miezi mingi, miguu ya watu ikaanza kufungwa, wakawa hawatembei. Dada yangu mmojawapo."

"Wakapona lini?"

Grasiana aliinuka. Aliuchukua mfuko wa unga, akaumwaga wote motoni, akaenda kumletea unga wa mahindi wa kwake. Mhina alibaki amechuchumaa mbele ya moto. Akili yake iliuona ua wa nyumbani kwao, mikono yake yenyewe ikiyang'oa majani. Haujalala, baba. Alitaka kulia, machozi hayakuja.

Alimkimbilia daktari. Alieleza yote, muhogo mchungu, ukungu, siku mbili za jua, watu saba, Hilaria akitafsiri kwa haraka. Daktari aliketi wima. Alichukua kalamu, akauliza maswali mengi: walimenya vipi, walianika wapi, nani alikula zaidi, nyama waliipata mara ngapi. Uso wake uling'aa kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Alimshika Mhina mkono, akaongea kwa muda mrefu.

"Anasema umemsaidia sana," akasema Hilaria. "Anasema ni jambo kubwa. Ataandika barua Dar es Salaam."

"Na mtoto?"

Hilaria aliuliza. Daktari akajibu kwa sentensi mbili, akashusha macho.

"Anasema hali haitazidi kuwa mbaya," akasema Hilaria. Kisha akaacha urasmi wa kazi, akamwambia kama dada. "Baba Mwanaidi, miguu ndiyo hiyo. Mtafutie fimbo mbili nyepesi."

Mhina alikwenda wodini. Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani anasuka nywele za mtoto wa Grasiana.

"Baba, daktari kalipata tatizo langu?"

"Kalipata, mama."

"Hamdulillahi!" akapiga makofi. "Basi tunaondoka lini? Maana nikirudi nataka nimshinde Zuhura mpaka kisimani, ananicheka."

Mhina alisema wataondoka kesho asubuhi. Akatoka nje, akaegemea ukuta, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Alilia kama mwanamke aliyefiwa, watu wa mkonge wakipita wakimwangalia, na hakujificha.

Walifika Chanika saa nne asubuhi. Mhina alimwacha mtoto kwa bibi yake, hakuketi hata kunywa maji, akaenda kwenye ghala, akagonga kipande cha reli kilichoning'inia pale mpaka watu wakaja. Akawaambia. Hakumtaja Bwana Mkubwa ingawa angeweza; alisema ni mimi. Alisema msile tena makopa yaliyomo, na kuanzia leo mlaze muhogo kama alivyowafundisha Bi Mashavu. Shida, mama wa mmoja wa wale watoto wanne, alikuwa amesimama mbele na mwanawe mgongoni, mtoto mkubwa asiyestahili tena kubebwa.

"Kwa hiyo tukiulaza," akauliza, "hawa watasimama?"

"Hapana, dada yangu."

Shida akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Bora wangemtukana.

Alimkuta mama yake ukumbini, amemlaza Mwanaidi usingizi. Bi Mashavu alikuwa amekonda katika siku nne zile kuliko katika miaka miwili ya njaa. Kabla Mhina hajafungua kinywa, alimshika mkono akamketisha.

"Mwanangu, nina neno. Nisipolisema leo litaniua. Siku ile ulipoufumua muhogo wangu, niliingia ndani nikalia. Nikasema: kisomo chake na kimrudie. Nilisema kwa kinywa changu hiki. Semboja alipouliza nikaona haya. Mlipoondoka nikamfuata nikakiri. Ndiyo laana iliyomshika mtoto. Ilikuwa yako, imepita kwako ikamshika mtoto."

"Mama, sivyo..."

"Ngoja. Ina dawa." Macho yake yaliwaka kwa mara ya kwanza. "Asubuhi arobaini. Ninachukua maji kinywani, ninayataja maneno yangu mabaya, ninamtemea miguuni. Wewe uliyeapizwa unaitikia: nimekusamehe, mama. Pasipo wewe kuitikia, Semboja anasema, ni maji matupu."

Mhina akamweleza. Alimweleza yote bila kujihurumia: unga, Grasiana, daktari, dada wa Grasiana ambaye hakupona. Bi Mashavu alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza muhogo ulimini mwake. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Nilijua haujalala," akasema. "Nikamlisha hivyohivyo. Nikamkatia donge kubwa."

"Mimi ndiye niliyekulazimisha. Huna kosa hata moja, mama. Kosa lote ni langu."

Mtoto alijigeuza usingizini kwa kusukuma miguu yake kwa mikono.

"Hilo lako," Bi Mashavu akauliza, "daktari amesema lina dawa?"

"Halina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Basi niachie langu." Alisema kwa upole uleule wa siku ya muhogo. "Kama ni muhogo, imekwisha, mtoto wangu atatambaa mpaka anakufa. Kama ni kinywa changu, ninaweza kukifuta. Nipe mimi hilo kosa, baba. Ulinipokonya muhogo nikakuachia. Hili usinipokonye."

Mhina alitaka kusema kwamba kweli ni moja tu. Ndivyo alivyofundishwa, na mpaka wiki ile ndivyo alivyoamini. Alimwangalia mama yake, mikono yake mikavu iliyolea wawili katika nyumba hiyo, na akajua kwamba akiishinda hoja hii atakuwa amemuua.

Kulipopambazuka walimtoa Mwanaidi uani, wakamketisha kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele. Alikuwa amechangamka. Bibi yake alikuwa amemweleza kila kitu usiku huo, na yeye mwenyewe alikuwa amelikunja gauni lisilowe. Bi Mashavu akapiga magoti, akachukua maji kwenye bakuli.

"Nilimwapiza mwanangu," akasema. "Nilisema kisomo kimrudie. Nilikosa. Ninayatoa." Akajaza maji kinywani, akamtemea mjukuu magotini, kwenye vifundo, kwenye nyayo. Kisha akamgeukia Mhina, maji yakimchuruzika kidevuni, akangoja.

Mhina alikuwa amepiga magoti upande wa pili.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Mwanaidi akaishika miguu yake kwa mikono miwili, akaitazama kwa makini sana. Akangoja kidogo. Kisha akainua uso.

"Sema tena, baba," akasema. "Sema kwa nguvu. Haijasikia."

Mhina akasema tena.